Chai ya Mombo Haina Kosa

Anayeshuka kutoka Lushoto huja na maneno yaleyale. Amekunywa chai Irente, kwenye ukingo wa mwamba, upepo ukimpuliza shingoni, na anaapa kwamba chai ya milimani ina utamu wake. Kisha anateremka kilomita 33 za kona, anapita Soni na maporomoko yake, anafika kwetu Mombo, anaagiza chai kwenye banda la njia panda. Funda la kwanza linamuunguza ulimi, la pili analimeza akiwa amesimama, la tatu halipo. Anasukuma kikombe na kusema, "Huku chini hamjui chai."

Nimekulia katika hukumu hiyo. Shangazi yangu aliuza chai na maandazi hapa kwa miaka mingi. Majani aliyopikia yalitoka milima hiyohiyo ya Usambara. Maziwa yaliteremshwa alfajiri kutoka huko juu, tangawizi vilevile. Kitu pekee alichokosa ni mwamba wa kumkalisha mteja.

Siku hizi hukumu ya wapita njia imepandishwa cheo, imekuwa elimu. Kila anayewafunda wajasiriamali, kila kijana aliyerudi kutoka Arusha au Dar es Salaam na picha za migahawa kwenye simu yake, anatueleza kwamba mgahawa ni mahali, mahali ni mandhari, na mandhari ndiyo maoni ya mteja. Ukiwa na bustani, upepo na pembe nzuri ya kupigia picha, utasifiwa hata chai yako ikiwa maji matupu. Ukiwa Mombo, kando ya barabara kuu, katikati ya joto na honi na moshi wa dizeli, basi jua kwamba uko upande usiofaa wa mlima. La kufanya ni kupaka rangi, kuning'iniza taa, kuezeka makuti juu ya bati, kupanga maua ya plastiki, na kuomba Mungu wateja wadanganyike.

Ninaipinga elimu hiyo. Sisemi kwamba mahali si kitu. Mahali humleta mteja, na kama si njia panda hii hata shangazi yangu asingekuwa na wa kumuuzia. Lakini maoni anayoondoka nayo mteja hayapikwi na mlima wala vumbi. Hupikwa na dakika alizokuwa nazo, na kama dakika hizo zilikuwa zake.

Nianze na huo mwamba wenyewe. Aliyewahi kusimama Irente anajua anachokitazama. Chini yake, karibu mita elfu moja, imelala nyika: kijiji cha Mazinde, mistari ya katani, reli, na barabara kuu inayometameta kwa jua ikielekea Mombo. Mandhari inayosifiwa ni sisi. Mgeni anakaa kule juu na kikombe chake akiliangalia bonde letu, analiita zuri kupita kiasi, halafu anateremka hadi ndani ya bonde lilelile na kudai kwamba ndilo lililomharibia chai. Lini bonde hili liligeuka baya? Liligeuka alipofika ndani yake akiwa na haraka. Kule juu alikaa saa nzima, haendi popote, hakuna anayemwita. Huku chini injini ya basi inanguruma na konda anagonga bodi.

Na kama tunataka kuipima chai yenyewe, tuipime kwa birika. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Lushoto, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 95. Mombo, iliyo chini sana ya hapo, yanakaribia 99. Majani meusi ya chai hutoa rangi na ladha yake vizuri zaidi kwenye maji ya moto zaidi. Kwa hiyo mpishi wa chai ya rangi wa Mombo ameanza na faida ambayo mlima hauwezi kumpa mwenzake wa juu.

Wenye elimu ya mandhari wana ushahidi, na si haki kuuficha. Mwaka 1973 Philip Kotler wa Marekani, mtaalamu wa masoko, aliandika kwamba hali ya mahali pa kuuzia, yaani mwanga wake, sauti, harufu na mguso wake, inaweza kuwa na nguvu kuliko bidhaa yenyewe. Tangu hapo watafiti wamepima jambo hilo kwa njia nyingi. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba watu wakila huku kelele kubwa ikiwaingia masikioni, utamu na chumvi huwapungukia mdomoni. Mwaka 2014 ikaja nyingine kuhusu rangi ya kikombe: kahawa ileile ilionekana kali zaidi ndani ya kikombe cheupe kuliko ndani ya kikombe cha kioo, na utamu wake ukaonekana kupungua. Mimi nayaamini matokeo hayo. Ulimi haukai peke yake. Hukaa pamoja na macho, masikio na pua, na wote hao hushauriana.

Ila tazama majaribio hayo yalivyofanywa. Mtu aliketishwa. Akapewa kikombe. Akaachwa aonje, kisha akaulizwa. Hakuna aliyempigia honi. Muda ulikuwa sawa kwa wote, ndiyo maana rangi na kelele ziliweza kuonekana zikifanya kazi yake ndogo. Ukiutoa muda, huna tena unachokipima. Abiria anayekunywa theluthi moja ya kikombe huku akichungulia dirishani kama mkoba wake ungali kwenye kiti, huyo hajafika kwenye suala la rangi ya kikombe. Hajafika hata kwenye chai.

Nilijifunza hili kwa tukio moja, na tangu siku ile sijawahi kulitilia shaka. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa abiria mwenyewe, natoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Mombo iko karibu katikati ya safari hiyo, kwa hiyo mabasi mengi husimama hapa. Konda akatangaza kama kawaida yao: "Dakika kumi! Kuchimba dawa na kula!" Watu wakamwagika nje. Nikawaona wakifanya yale ninayoyajua tangu utotoni: foleni ya choo, mbio za kwenye kaunta, chapati iliyokunjwa na kutiwa mfukoni, chai iliyopulizwa kwa hasira. Bwana mmoja aliyevaa suti alimwambia mama wa banda kwamba chai yake ni ya moto tu, haina ladha. Mama hakujibu kitu. Akapokea pesa yake.

Basi halikuondoka. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, na wa kuubadilisha ilibidi ufuatwe Korogwe. Tulikaa hapo saa mbili na ushei.

Kwa dakika ishirini za mwanzo watu walilalamika. Baadaye wakaanza kukaa. Wa kwanza kukaa alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyemfungua mtoto na kumlaza kwenye benchi. Mzee mmoja akaagiza chai, akaimimina kwenye kisosi kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu, akainywa kidogokidogo, akasema kuna mdalasini humu. Mdalasini ulikuwamo tangu asubuhi. Mtu mwingine akauliza maandazi yametiwa nini, akaambiwa ni iliki na tui la nazi. Yule bwana wa suti alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa nguzo, akaagiza kikombe cha pili, kisha cha tatu. Alipolipa alimuuliza yule mama kama yupo hapo kila siku, maana yeye hupita mara mbili kwa mwezi.

Vumbi halikupungua siku ile. Jua lilikuwa limepanda na joto limezidi. Malori yaliendelea kupita, wapiga debe waliendelea kupaza sauti. Hakuna aliyeleta maua. Sufuria ilikuwa ileile, na mama yuleyule. Kilichoongezeka ni saa mbili, na hizo zilitosha kuigeuza chai isiyo na ladha kuwa chai ya kurudiwa.

Lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya wataalamu. Neno letu "nafasi" lina maana tatu zinazokaa ndani ya nyumba moja. Nafasi ni mahali: kuna nafasi kwenye benchi. Nafasi ni wakati: leo sina nafasi. Nafasi ni uwezekano wa kufanya utakalo: nipe nafasi niseme. Mswahili anapomwambia mgeni "karibu, kuna nafasi," humkaribisha kwenye zote tatu kwa pamoja. Elimu ya mandhari imechukua ile ya kwanza tu, ikazitupa mbili zilizobaki, kisha inashangaa kwa nini rangi mpya ukutani haijabadilisha kitu.

Sasa niseme kuhusu ile ya tatu, maana hapo ndipo kidonda kilipo. Abiria wa basi hachagui anakokula. Huchaguliwa. Kila anayesafiri barabara hii anajua dereva na konda huhudumiwa bure kwenye hoteli wanayosimama, na wakati mwingine hupewa zaidi ya sahani ya wali na kuku. Basi hupelekwa palipo na makubaliano. Mlango unafunguliwa uani, ndani ya ukuta, na abiria aliyetamani mihogo ya kuchoma ya mama wa ng'ambo ya barabara anaiangalia kwa mbali tu, kwa sababu akivuka ataachwa. Analipa bei aliyoikuta, anakula alichokikuta. Akitoka pale akasema chakula kibaya, maneno yake hayamfikii mtu. Mwezi ujao basi litasimama palepale.

Maoni ya namna hiyo hayana miguu. Popote pengine mteja asiyeridhika huyatembeza maoni yake: anahama, anakwenda duka la jirani, na mwenye duka la kwanza anajifunza. Hapa mteja amefungwa kamba na mguu wa dereva. Hivyo mwenye hoteli hujifunza kumridhisha dereva. Nani atamlaumu? Amemtambua mteja wake halisi. Lakini msije mkaniambia kwamba abiria ameikataa Mombo kwa sababu ya mandhari yake. Abiria hajawahi kuulizwa.

Anayetaka kujua mandhari ina nguvu kiasi gani aje stendi alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya milima. Utamkuta muuza kahawa na mdila wake juu ya jiko la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia, na vikombe vidogo visivyo na mkono anavyovigonganisha ili watu wamsikie. Anapokaa pamejaa mafuta ya gari. Hana kiti, hana bango, hana hata paa. Kahawa yake ni chungu, haina maziwa, sukari utaipata kwenye kashata. Na watu wanamsifu! Dereva wa lori aliyetoka Tunduma humtafuta kwa sauti ya vikombe. Sijawahi kusikia abiria akimlalamikia.

Kwa nini? Kwa sababu yeye na waliomtangulia katika pwani hii walilitatua suala la muda zamani sana. Kikombe chake ni kidogo. Kahawa ndani ya kikombe kidogo hupoa upesi, na mafunda yake ni matatu au manne. Mwenye dakika tano anazimaliza zote akiwa amekunywa kinywaji kizima, mwanzo wake na mwisho wake, na akitaka ataongeza. Kikombe kile kilishonwa kwa kipimo cha mwenye haraka. Asiye na haraka naye humfaa, kama wanavyojua wazee wa Unguja wanaokaa Jaws Corner jioni, kahawa mkononi na dhumna mbele yao, wakibishana siasa hadi usiku. Pale Jaws Corner ni makutano ya vichochoro tu. Wageni huenda kupapiga picha kana kwamba kuta ndizo zilizoleta mazungumzo, lakini waondoe wazee kwa wiki moja uone kuta zitamfurahisha nani.

Chai yetu ya maziwa haikushonwa kwa mwenye haraka. Hupikwa pamoja na maziwa ikachemka, humiminwa ikitokota kwenye kikombe kikubwa kinene, na kikombe hicho hushikilia moto. Ni chai ya mtu aliyekaa nyumbani kwake. Ukimpa abiria wa dakika kumi umempa kitu ambacho hawezi kukinywa bila kuumia. Na kuumia huko si kwa mdomo peke yake. Watafiti walipima joto la chai wanayokunywa watu wa Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: watu walianza kunywa chai ikiwa na nyuzi zipatazo 70. Mwaka uliofuata, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliviweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa maana ya saratani ya umio, ugonjwa unaozikumba sana nchi zetu za upande huu wa Afrika. Hayo yanasemwa juu ya watu wanaokunywa wakiwa kwao. Fikiria basi anayekunywa huku honi inalia. Tunajadili rangi ya ukuta wakati watu wanameza moto.

Wapo watakaoniambia kwamba Mombo haikuwahi kuwa mahali pa kukaa, ni pa kupita tu, na kwamba nadai kitu ambacho mji huu haujawahi kuwa nacho. Historia inasema vingine. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Hapa ikasimama. Haikufika Buiko mpaka mwaka 1909, na Moshi ikangoja hadi 1911. Kwa miaka kama minne, basi, Mombo ilikuwa mwisho wa reli. Anayekwenda Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, ilimlazimu ashuke hapa, apange mizigo, atafute wapagazi au mnyama wa kupanda, asubiri jua lipungue. Hata baada ya reli kusonga mbele, huku ndiko kulikobaki mlango wa milima ya Usambara. Mji wa njia panda ni mji wa kusubiri, na mtu anayesubiri ndiye mteja bora wa chai duniani. Kilichoondoka si mandhari. Mlima haujahama. Kilichoondoka ni kusubiri.

Tena kusubiri hakujaisha kwa kila mtu. Nenda kwenye mabanda ya nyuma, mbali na uwanja wa mabasi, saa moja asubuhi. Utawakuta vijana wa bodaboda, wapakia mizigo, wafanyakazi wa mashamba ya katani, wakulima wanaotoka kwenye mpunga wa skimu ya umwagiliaji. Hao ndio wanaojua chai ya Mombo. Wana maoni yaliyochambuliwa kuliko ya mtalii yeyote: watakwambia fulani alizidisha majani tangu Jumatatu, fulani maziwa yake siku hizi yana maji, fulani chapati zake ni laini lakini chai yake ianze kunywewa saa tatu, kabla ya hapo bado haijakolea. Wanakaa kwenye mabenchi yaleyale, wanavuta vumbi lilelile. Kama mandhari ingekuwa hakimu, hao ndio wangekuwa wa kwanza kuichukia chai ya hapa, maana wameivumilia mandhari hiyo maisha yao yote. Wao wanahukumu chai. Na mama lishe anawaogopa, kwa sababu maoni yao yana miguu: kesho watahamia banda la pili na yeye atajua sababu.

Kinachoniuma katika elimu ya mandhari ni anayeilipa. Nimewaona akina mama wakichukua mkopo wa kikundi ili kuweka makuti na taa za rangi, wakati huohuo sukari imepanda na wao wameanza kupunguza maziwa ili marejesho yapatikane. Wamependezesha banda na kuiharibu chai. Mteja wa kupita hakuona tofauti, kwa kuwa dakika zake ni zilezile kumi. Mteja wa kila siku aliiona, akaondoka. Hapo ndipo ushauri wa picha za simu unapofika: unamnyang'anya mama mteja aliyekuwa naye kwa ajili ya mteja ambaye hakuwa wake.

Na elimu hiyo ikiingia ofisini huwa kali zaidi. Mwaka 2021 wamachinga na mama lishe wa miji mingi ya Tanzania waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Hoja mojawapo ilikuwa kupendezesha miji. Wengi walipewa sakafu na paa mahali ambapo hakuna anayepita. Hapo walifundishwa kwa machozi tofauti niliyoitaja mwanzo: mahali humleta mteja. Banda safi lisilo na wapita njia halina maoni yoyote, mazuri wala mabaya.

Mtu asinigeuzie maneno akadai natetea uchafu. Usafi si mandhari. Choo chenye maji, sabuni ya kunawia, chakula kilichofunikwa na sakafu iliyofagiliwa ni haki ya kila anayekula, awe Irente au njia panda ya Mombo, na asiyevitoa afungiwe. Kinachonikera ni kuona vitu hivyo vikichanganywa na mapambo chini ya neno moja, "mazingira," kisha pesa inakwenda kwenye mapambo. Kivuli nacho si pambo. Mwembe mmoja uliopandwa mahali pake hukupa dakika ambazo jua lingekunyang'anya. Benchi lenye mgongo hukupa nyingine. Choo cha kutosha hukupa nyingi kuliko vyote, maana nusu ya zile dakika kumi huishia kwenye foleni. Ukitaka kumpa abiria chai tamu Mombo, anza kwa kuongeza matundu ya choo. Wengine watacheka. Wahesabu kwanza watu wazima na watoto walio kwenye foleni hiyo, wagawanye kwa milango minne.

Wenye mamlaka ya usafiri wanafuatilia mwendo wa mabasi kwa mitambo, wanajua basi lilipo na limekimbia kasi gani. Wanaweza pia kujua limesimama kwa muda gani. Dakika thelathini za mapumziko zilizoandikwa kwenye ratiba na kutangazwa kwenye tiketi, basi likisimama mahali pa wazi ambapo abiria anaweza kuvuka na kuchagua, zingefanya kazi ambayo semina mia moja za ujasiriamali hazitaifanya. Dereva naye ni mtu. Aliyeshika usukani tangu alfajiri anazihitaji dakika hizo kuliko sisi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha, mwaka 2023, hoja ya kuwahi kufika kabla ya giza imekwisha. Haraka iliyobaki ni mazoea, na makubaliano ya uani.

Halmashauri yetu ya Korogwe inakusanya ushuru kwa kila anayeuza hapa. Wajibu wake wa kwanza kwa wauzaji hao ni uwanja ulio wazi kwa kila banda, usio na ukuta unaomficha abiria asionekane na mama wa mihogo. Na treni ya abiria ya Dar es Salaam iliporejeshwa kaskazini mwishoni mwa mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya reli kulala, ilipita tena katika stesheni zetu. Pale stesheni kuna nafasi ya kila aina. Nani ameketi na wauza chai kuwauliza wanataka nini pale?

Wakati hayo yanangojwa, lipo ambalo halihitaji kibali cha mtu. Shangazi yangu hakusoma kwa Kotler, lakini alikuwa na sikio. Aliijua honi ya kila basi. Ikisikika kwa mbali, upande wa Korogwe, aliacha alichokuwa akikifanya na kuanza kumimina: vikombe kumi na viwili, vidogo, alivyovinunua kwa muuza kahawa aliyestaafu. Kila kimoja alikifunika kwa kisosi ili nzi wasitue. Basi lilipoingia na watu kumwagika, chai ilikuwa imekaa mezani dakika sita au saba, iko tayari kwa mdomo wa mtu. Wenzake walimwambia anauza chai iliyopoa. Vikombe vyote kumi na viwili vilirudi vitupu, na kabla konda hajagonga bodi kulikuwa na mikono inaomba vingine.